Harusi yangu ni Novemba, na baba hajarudi wala hajazikwa

Shikamoo shangazi.

Mimi ni msomaji wako wa Mtwara mjini. Naomba usitaje jina langu wala mtaa wetu. Nina miaka 26, nafundisha shule ya msingi, na nimechumbiwa na kijana wa Newala ambaye sina la kumlalamikia. Harusi tumeipanga Novemba, minada ya korosho ikishaanza na watu wakiwa na chochote mfukoni. Kwa hiyo tatizo langu si mchumba. Sina mtu wa kuniozesha, na kila nikiligusa jambo hilo nyumbani panawaka moto.

Baba yangu ni fundi seremala. Naandika "ni" kwa sababu mama hataki kusikia "alikuwa". Tangu 2019, mradi wa gesi wa Afungi ulipoanza kujengwa, baba alikuwa akivuka Ruvuma kwenda Palma, upande wa Msumbiji. Kazi zilikuwa tele: kupaua, milango, vitanda vya nyumba za kupangisha. Anakaa miezi miwili, anarudi wiki mbili, anaondoka tena.

Wiki hizo mbili, shangazi, hakuwa mtu wa kukaa barazani. Alikuwa wetu. Nilipofanya mtihani wa kidato cha nne alinipeleka kwa baiskeli kila alfajiri, halafu hakurudi nyumbani. Alikaa kwenye jiwe nje ya geti akinisubiri, na kwa kuwa mikono yake haikuwahi kujua kutulia, akawa anachonga miiko. Mtihani ulipoisha tulikuwa na miiko kumi na mmoja. Miwili bado tunasongea ugali.

Nilipoingia kidato cha pili alinunua mbao saba za mninga za kitanda changu cha harusi. Nilicheka, nikamwambia, baba, hata mchumba sina. Akasema mninga hauna haraka, utakauka taratibu na wewe utakua taratibu, mtakutana. Alizipanga chumbani kwangu, akaweka vijiti katikati ili hewa ipite. Juu ya kila ubao ameandika kwa penseli: huu wa kichwani, huu wa ubavuni, na kwenye ule mrefu kuliko yote ameandika "pima tena kabla hujakata". Mbao bado zipo. Nalala nazo chumba kimoja.

Oktoba 2020 wale wapiganaji wa kule Msumbiji walipovuka mto na kuua watu Kitaya, huku kwetu, mama alimsihi baba asirudi tena Palma. Alitulia nyumbani hadi Februari. Nilikuwa chuoni, na mimi ndiye niliyemwandikia ujumbe: "Baba, wiki tatu zijazo mitihani, bila ada hatuingii." Hakujibu ujumbe. Alivuka. Alimwambia mama anakwenda kumaliza kazi moja tu, na atakuwa nyumbani kabla ya mfungo. Jumatatu tarehe 22 Machi 2021 pesa yangu ya ada ikanifikia, yote, mpaka shilingi ya mwisho. Jumatano tarehe 24 wakaivamia Palma.

Simu zilikatika siku hiyo hiyo. Mwenzake, fundi mwenzake wa siku nyingi, alifika Mtwara siku ya tisa, miguu imevimba. Alituambia walikimbilia porini pamoja na watu wengine, wakalala usiku mmoja. Asubuhi baba akagundua kijana wao wa kazi hayupo, yule aliyekuwa akimfundisha randa. Akasema anarudi mara moja kumtafuta. Mwenzake alisubiri mpaka jua likazama, kisha akafuata watu waliokuwa wakielekea Kionga na huko mtoni. Hayo ndiyo tunayoyajua. Hajaonekana aliyemwona baba akifa, na hajaonekana aliyemwona akiwa hai. Yule fundi alikuja nyumbani siku ile tu. Tukikutana njiani huwa anavuka barabara.

Tulikwenda kutoa taarifa kwenye ofisi moja. Tuliulizwa zaidi alikuwa akifanya nini kule kuliko alikuwa nani kwetu. Mtaani nako wakanong'ona, labda alijiunga nao. Kundi lile lilijitangaza kwa jina la dini yetu, na baba yangu, mtu aliyekuwa akizima randa kila akisikia adhana, akawa anasemwa pamoja na waliomuua. Tangu hapo tukajifunza kunyamaza.

Mama hajakaa eda. Hajakubali hitma. Kila Idi anatoa shati la baba kabatini, analipiga pasi, analirudisha. Alikuwa akipiga namba yake kila Ijumaa, haipatikani. Mwaka jana siku moja ikapokelewa. Sauti ya kijana, lafudhi ya kanda ya ziwa: "Haloo, mama, umekosea namba." Mama akakata. Alituambia simu ya baba imeibiwa na huyo kijana, kwa hiyo baba yuko mahali hana simu. Hajapiga tena.

Mdogo wangu ana miaka 9. Anaambiwa baba yuko safari. Zamani aliuliza kila siku, sasa ana kama miaka miwili hajauliza.

Sasa baba yangu mdogo amesema hawezi kuniozesha kama ndugu yake hajasomewa hitma. Anasema, "Nikisimama mimi nitakuwa nimemnyang'anya kaka yangu binti yake, na yeye mnasema yuko hai. Chagueni." Babu yetu alishafariki. Mjomba naye kasema kwa Wamakonde mtoto ni wa mjomba, ataniozesha yeye na mambo yaishe. Mama amesema hitma ikisomwa atatoka nyumbani na hataonekana harusini. Nahisi pia baba mdogo anaitazama ile mikorosho ya baba, kwa sababu hitma ikisomwa mirathi itafuata.

Nimewaza kuahirisha harusi. Nimewaza kuolewa bomani kimya kimya na kuwaacha wote. Usiku mwingine nawaza kwamba sina haki ya kuolewa kabisa, maana baba alivuka mto kwa ajili ya ada yangu. Hilo sijamwambia mtu yeyote, hata mchumba. Ujumbe nilishaufuta.

Nifanye nini, shangazi?

Binti Seremala, Mtwara

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilitoka nje kwanza nikatembea. Pole. Pole ya kweli, ile ambayo ulistahili kuipata Machi 2021 na hukuipata kwa sababu nyumba yenu haikuwekwa matanga, jirani hakuja na kuni, wala hakuna aliyekulaza kwenye mkeka na kukushika mgongo. Mtu anayefiwa kwetu huwa hana nafasi ya kuwa peke yake kwa siku tatu. Ninyi mmekuwa peke yenu kwa miaka 5.

Ngoja nilirudie jambo lako kwa maneno yangu, uone kama nimelielewa. Unataka kuolewa, na unataka baba yako awemo kwenye ndoa hiyo kwa heshima anayostahili. Watu wanne wanaompenda wamesimama kwenye pembe nne. Mama anamshikilia hai. Baba mdogo anataka kumsomea. Mjomba anataka kuyapita yote. Na wewe unaona kwamba ili uingie kwenye nyumba yako mpya, lazima kwanza mmoja wenu atamke kwamba baba amekufa. Kutamka huko kumewekwa mabegani mwako, wewe uliye na siri ya ujumbe wa ada.

Nianzie hapo kwenye kulazimika, kwa sababu sina hakika kama upo ulazima kama mlivyouweka.

Mimi si shehe, na haya uyapeleke kwa anayejua kuliko mimi. Lakini katika madhehebu ya Shafi, ambayo Waislamu wengi wa pwani yetu tunayafuata, walii, yaani mwenye haki ya kumwozesha binti, aliyefariki na walii aliyepotea ni mambo mawili tofauti. Baba akiwa amefariki, uwalii unakwenda kwa babu, kisha kaka, kisha watoto wa kaka, na hapo ndipo anafika baba mdogo. Mdogo wako bado mtoto, kwa hiyo ungefika kwa baba yako mdogo kweli. Baba akiwa hajulikani alipo, uwalii haumfuati ndugu. Anayesimama ni kadhi. Mjomba, pamoja na haki zake zote za kimila ambazo sizidharau, hayumo kwenye mstari huo.

Tazama maana yake. Baba mdogo ana hoja: kama kaka yake anahesabiwa hai, yeye hana nafasi ya kusimama. Hakukosea, na pengine amesumbuka nalo usiku mwingi kabla ya kulisema kwa ukali. Ila "chagueni" yake imeacha mlango mmoja. Mnaweza kwenda kwa kadhi mkaeleza yote, kwamba baba hajulikani alipo tangu 25 Machi 2021, na ndoa ikafungwa bila mtu yeyote kutamka kwamba amekufa wala kwamba yuko hai. Muulizeni pia kama anaweza kumpa idhini baba yako mdogo aifunge kwa niaba yake. Sikuahidi jibu. Nakuambia tu swali hilo lipo, na katika barua yako sikuona kama kuna aliyelipeleka kwa mwenye elimu.

Njia hiyo nayo ina hatari yake, nisikufiche. Ndoa itapita, watu watakula pilau, na Jumatatu mtarudi kwenye nyumba ile ile yenye shati lililopigwa pasi. Kinachokubana sasa kinakulazimisha useme. Kikishaondoka, huenda mkanyamaza miaka 5 mingine. Wewe utakuwa Newala, na mama na mdogo wako watabaki nacho wawili.

Sasa mama. Umemwandika kama mtu ambaye haamini. Mimi nimesoma mambo mengine ndani ya maneno yako mwenyewe. Yule kijana alipopokea simu, mama alikata. Mwanangu, mwanamke anayeamini kwa moyo wote kwamba aliyepokea ndiye mwizi wa simu ya mume wake, angekata? Angeuliza umeitoa wapi, angepiga mara ishirini, angekwenda polisi na ile namba. Yeye alikata, na hajapiga tena. Wewe na mimi tunajua laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, kisha hupewa mtu mwingine. Nadhani na yeye anajua, au alijua katika ile sekunde moja. Alichowaambia ninyi kuhusu wizi ni kitu cha kumsaidia kufika jioni.

Nimekulia Lindi, karibu na maji. Kwenye mtaa wetu kulikuwa na mama ambaye mumewe alitoka na ngalawa, na ngalawa ikapatikana bila yeye. Wazee walikaa, wakamsomea, wakala, wakaondoka. Yule mama aliendelea kukaa upande wa mlango unaotazama bahari, na wala hakuwa mwendawazimu. Alilea watoto, aliuza mandazi, alijua hesabu za duka kuliko mwenye duka. Alikuwa anajua na anangoja, vyote kwa pamoja. Sisi watoto ndio tuliodhani lazima achague kimoja.

Kwa hiyo unaposema "mama hakubali", jiulize ni kipi hasa hakikubali. Kwamba mumewe amekufa? Au eda, miezi minne na siku kumi za kukaa ndani akitazamwa na mtaa ule ule ulionong'ona? Au mikorosho kugawanywa? Au ni kwamba hitma itasomwa na watu waliosema alijiunga na wauaji, na watakula wali wake? Kila moja ni hofu tofauti na ina jibu lake. Ukimuuliza "mama, unakubali baba amekufa?" atakufukuza. Ukimuuliza "mama, ukisikia neno hitma, kipi kinakuuma zaidi?" sijui atasema nini, lakini ni swali ambalo mtu anaweza kulijibu akiwa anachambua mchele.

Baba mdogo umemtuhumu kwa mikorosho. Inawezekana. Nimeona ndugu wakigombana kwa mikorosho kumi iliyozeeka, sembuse shamba. Lakini naomba uiweke dhana hiyo pembeni kidogo umtazame upya. Huyu ni mtu aliyepoteza kaka, na kwa miaka 5 hajaruhusiwa kulia hadharani, kwa kuwa shemeji yake amesema kaka yuko hai. Huenda hitma anayoidai ni kilio chake. Ukitaka kujua kipi ni kipi, tenganisha dua na mali, uone atakavyopokea. Kusomea dua hakugawi shamba. Mirathi ina njia yake: kikao cha familia, kisha mahakama ya mwanzo, kisha msimamizi wa mirathi anayepaswa kutoa hesabu kwa warithi, na warithi ni pamoja na mama yako, wewe na mdogo wako. Na katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 mtu asiyesikika kwa miaka 5 na wale ambao wangetarajiwa kupata habari zake huchukuliwa kuwa amefariki, hadi ionekane vinginevyo. Miaka hiyo imetimia Machi 2026. Kwa hiyo swali la sheria litakuja tu, na ni heri mama alisikie kutoka kwako kabla halijaletwa na mtu mwenye karatasi mkononi. Chama cha wanasheria wanawake au msaidizi wa kisheria wa kata anaweza kukaa na mama akamweleza haki yake ilivyo. Woga mwingi wa wajane huku kwetu ni wa kuachwa bila kitu, na si wa bure.

Kusomea dua kwenyewe kuna namna nyingi. Iko hitma yenye turubai, masufuria na watu mia mbili. Iko swala ya ghaibu, inayosaliwa maiti asiyekuwepo, nayo itahitaji mkubaliane kwamba amefariki. Na iko dua tu. Dua haiulizi kama anayeombewa yuko juu ya ardhi au chini yake. Mnaweza kukaa sebuleni watu sita, baba mdogo akasoma, mkamwombea aliko, mkanywa chai. Huenda mama akaketi. Huenda asiketi, akabaki jikoni mlango ukiwa wazi, na ukajua anasikia. Hatari ni kwamba baba mdogo ataona mmemdanganya kwa nusu hitma, au mama ataona mmemwingizia msiba kwa mlango wa nyuma. Ndiyo maana jambo hilo lisemwe wazi kabla, kwa wote wawili, na wewe usiwe mjumbe wa kupeleka maneno huku na kule. Mtu mzima wa kumheshimu yupo? Bibi, mwalimu wa madrasa, hata mama mkwe mtarajiwa wa Newala? Mzigo huu ni wa wazee. Umeubeba kwa sababu ulikuwa karibu.

Kuahirisha nako ni njia, na sikuhimizi wala sikukatazi. Mwaka mmoja si mwingi. Lakini ukiahirisha bila kubadilisha chochote, Novemba ijayo utakuta watu wale wale kwenye pembe zile zile, na humo ndani utaanza kumchukia mama kidogo kidogo kwa harusi yako. Ndoa ya bomani nayo, naomba ufikirie ungemwambia nini yule mtu aliyekaa kwenye jiwe nje ya geti. Simaanishi ungekuwa umetenda dhambi. Namaanisha wewe mwenyewe, kwa ulivyoandika, unataka kuozeshwa na kusindikizwa.

Mdogo wako. Mtoto wa miaka 9, katika mtaa unaonong'ona, shuleni na watoto wa mtaa huo huo, na kwa miaka miwili hajauliza. Mtoto akiacha kuuliza mara nyingi ameshapata jibu mahali pengine, na sijui ni jibu gani amelipata. Hilo ndilo linaloninyima utulivu katika barua yako yote. Kama ameambiwa baba yake alikuwa mmoja wao, analibeba hilo peke yake kitandani. Huna haja ya kumwambia baba amekufa, wala huna ruhusa ya mama. Lakini unaweza kumwambia vile unavyojua: kwamba baba alikuwa fundi, alikimbia akapona, kisha akarudi kumtafuta kijana wake wa kazi. Hilo ni kweli tupu, halimzikii mtu, na ni lake kama lilivyo lako. Mwonyeshe miiko. Mweleze zile siku za geti.

Nimeliacha la ada mwisho kwa makusudi.

Hukumtuma baba yako kwenye vita. Uliandika ujumbe ambao kila mwanafunzi wa Tanzania ameshawahi kumwandikia mzazi. Waliomuua, au waliomfanya apotee, ni watu wenye silaha walioanza kuua Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, tangu Oktoba 2017, ulipokuwa bado binti wa sekondari. Najua utasoma sentensi hiyo na moyo wako utasema "lakini". Kwa hiyo sitakusukuma uikubali. Nitakuuliza tu jambo. Pesa ilikufikia Jumatatu. Alikuwa ameshamaliza lililompeleka. Jumanne angeweza kufunga mkoba, na wewe hujui kwa nini alibaki. Huenda mteja hakumlipa yote, huenda kazi ilibaki milango miwili, huenda alitaka aje na kitu cha mfungo. Na Alhamisi asubuhi, akiwa porini, amepona, hakurudi kwa sababu ya ada ya mtu. Alirudi kwa sababu ya kijana aliyekuwa akimfundisha randa. Yule ni mtu wa kwenye jiwe, mwanangu, ndivyo alivyokuwa. Wewe unajilaumu kana kwamba mapenzi yake yalikuwa amri yako, na barua yako yote inaonyesha hakuna aliyewahi kumwamuru.

Yupo mtu anayejua siku zile mbili, Jumanne na Jumatano, na wewe hujaongea naye. Anavuka barabara akikuona. Umemchukulia kama mtu aliyemwacha baba yako. Nadhani na yeye amejichukulia hivyo hivyo: alisubiri mpaka jua likazama, kisha akaondoka, na tangu siku hiyo hawezi kutazama uso unaofanana na wa rafiki yake. Mna siri ya aina moja, wewe na yeye. Sijui kama atakubali kuongea. Anaweza kukataa, na akikubali anaweza kusema kitu kitakachokuumiza, kwa hiyo usiende peke yako, na mwambie mchumba wako kabla hujaenda. Kijana usiye na la kumlalamikia anastahili kuijua habari ya ada kabla ya Novemba.

Na zile mbao. Umesema baba aliandika "pima tena kabla hujakata". Nimelifikiria hilo. Fundi wa miaka yote hiyo hajiandikii mwenyewe apime tena. Hayo ni maneno ya kumwambia mtu mwingine atakayeshika msumeno, pengine yule kijana wake wa kazi, ambaye angesaidiwa akifanya kitanda cha binti wa mwalimu wake. Sijui mama atakubali nani aziguse. Lakini yuko Mtwara fundi mmoja anayeujua mwandiko ule, na anajua baba yako alikuwa akifungaje ndimi za kitanda.

Ukienda kwake, nenda jioni, akiwa ameshatoka kazini na ameoga. Usimuulize kwanza habari za Palma. Mpelekee mwiko mmoja.